Unga wa Kufukuza Ukungu

Sukari, jina alilopewa kwa ajili ya ulimi wake, alimkuta mama mwenye ghala akimwaga jaani kreti zima la stroberi zilizoota manyoya ya ukungu. Moyo ulimruka kwa furaha. Hasara za watu ndizo zilizokuwa kazi yake.

Alimwamkia kwa adabu zote, akajiita mtaalamu, akatoa vipakiti vya unga wa ngano alioupulizia manukato ya ndimu. Kipakiti kimoja kila kreti, alisema, na ukungu utahama mji. Ila alijiachia upenyo wa masharti aliyoyaokota redioni: stroberi zisioshwe, zilizobonyea zitolewe, na zote ziingie kwenye baridi siku ileile ya kuchumwa. Unga ukishindwa, kosa ni la mama wa watu.

Mwenye ghala alisikiliza kwa upole. "Mwanangu, vipakiti nachukua vyote, na kuviweka nitaviweka mwenyewe. Ila masharti yatanishinda. Yafanye wewe, na wiki ikiisha stroberi zikiwa nzima, nakulipa."

"Shangazi, mimi ni mtu wa maabara."

"Basi jione uko maabara."

Malipo hayo yangemtoa Sukari kwenye chumba cha kupanga kilichovuja hata jua likiwaka. Akakunja mikono ya shati. Alichambua stroberi mojamoja mpaka mgongo ukamgomea, akakimbiza makreti chumba cha baridi, akagombana na wachukuzi waliotaka kuziosha. Wiki ilipita bila ukungu hata wa dawa, na Sukari, Mungu amsamehe, akaanza kuuamini unga wake.

Siku ya malipo alikwenda amechana nywele. Mwenye ghala alimpa kiti, akamsifu sana, kisha akamweleza kwamba vipakiti aliwauzia wauzaji wenzake, waliovigombania baada ya kuona stroberi zake.

"Hukuweka hata kimoja?"

"Cha nini, mwanangu, nami nina wewe?"

Kabla hajajibu, mlango uligongwa. Wauzaji walikuwa nje na stroberi zao zilizooza, unga umekuwa uji juu yake, wakimtaka mtu wa dawa. Mwenye ghala aliwajibu kwamba yumo ndani. Kisha akamtia Sukari mkononi ujira wa kibarua, akamwonyesha dirisha la nyuma, akamnong'oneza kwamba Jumatatu unaingia mzigo mpya.

Sukari aliruka dirisha huku akiapa kwamba hatakanyaga tena pale. Jumatatu alifika kabla ya lori. Wauzaji walikuwa wakimsaka mji mzima, na hakuna aliyefikiria kumtafuta mahali penye kazi.