Kipimo cha Chumvi na Dafu la Ole

Jumatatu, 4 Machi 2019
Kitatange mwingine kafa, samaki wa pambo! Wa tatu tangu Februari, katika tangi la kioo pale mapokezi, nyumba ya wageni ya Bi Radhiya, Madungu. Mtunzaji ni mimi. Bi Radhiya kasema maji yanakauka, chumvi inabaki na kuzidi, nami sipimi. Sipimi! Ulimi huu ulionja bahari karibu na Maskati, nikamwambia nahodha tumebakisha maili tisa. Zikawa nane na nusu. Bi Radhiya kasema hataki tena ulimi wangu ndani ya tangi lake. Anataka kipimo cha kisasa, chenye namba. Ijumaa atakagua. Nikishindwa, tangi anapewa Nassor wa Mtambile. Shemeji yangu! Mtu anayekimbia kaa!

Jumanne, 5 Machi
Khatib wa duka la vifaa kaniletea aina mbili nichague. Kimoja kama kalamu: unachovya, namba inatokea. Cha pili unadondosha tone juu ya kijioo chake, unabonyeza. Khatib kasema kwa anayeanza, kalamu inatosha. Anayeanza! Nimechukua cha tone. Kisanduku chake kina kitambaa laini ndani, kama cha pete ya harusi. Kalamu kainunua Nassor. Nimecheka mpaka kofia ikaanguka.

Jumatano, 6 Machi
Kumbe kipimo lazima kwanza kioneshwe sifuri, kwa maji safi kabisa yasiyo na kitu. Karatasi yake kanisomea Manar, binti wa kaka yangu, mwalimu wa sayansi. Kasema, Ami, nunua maji ya betri. Ya betri! Kifaa changu ni lori? Maji safi kabisa ni yale ambayo hayajaguswa na mkono wa mtu. Nikaagiza dafu kutoka Ole. Bismillahi, tone moja. Kikakataa. Nikabonyeza. Kikakataa. Nikakikandamiza kidole mpaka kikasalimu amri. Sifuri! Dafu lililobaki nikalinywa.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Nimepima tangi: sifuri. Nimepanda baiskeli hadi Wesha, nikapima bahari yenyewe: sifuri. Bahari ya Pemba imeishiwa chumvi, na aliyegundua ni mimi peke yangu! Nimetangaza barazani. Mzee Bakar kachovya kidole katika chupa yangu ya maji ya bahari, kaonja, katema. Kasema, Hamood, hicho kipimo chako kimefunga saumu. Wivu tu. Nikaonja na mimi. Ulimi ukasema kali. Nikaunyamazisha, huu ni wakati wa namba. Nimemwaga tangini chumvi ya mawe, kilo tatu, nikikoroga kwa mwiko. Namba ikapanda, taratibu, kama inavyotakiwa. Ijumaa na ije!

Ijumaa, 8 Machi
Imekuja. Samaki wawili waliobaki wamelala ubavu, wanatweta. Bi Radhiya kashika kichwa. Nassor kachovya kalamu yake, kasoma, kasema, shemeji, hapa hufugi samaki, unatia achari. Kawahamishia kwenye ndoo ya maji ya bahari. Baada ya muda wakaanza kuogelea, bila hata kunitazama. Manar akaeleza mbele ya watu wote: dafu lina sukari, na kwa kijioo kile sukari na chumvi ni mamoja. Kasema nilikifundisha kipimo kuwa utamu ule ndio sifuri, basi hata bahari ikaonekana haina kitu. Watu wakacheka. Bi Radhiya hakucheka. Tangi kapewa Nassor. Mimi nimepewa ndoo: nitakuwa namchotea maji Wesha.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari sana baada ya chai. Manar ana elimu, uzoefu hana. Kipimo nilichagua vizuri, hakina kosa. Mimi ndiyo kabisa sina. Kosa ni la dafu. Madafu ya Ole matamu mno, nani asiyejua? Nimempelekea Nassor ndoo yake ya kwanza, na kwa unyenyekevu nikamwomba kesho aniletee dafu la Mtambile, changa sana, lisilo na utamu. Kaniangalia. Kauliza la nini.
Nimemwambia la kunywa.