Mbao Tatu Zilizoivisha Maharage

Jamani, leo nimeaibika mbele ya wakwe. Tena jikoni kwangu mwenyewe!

Mwanangu alitaka sebule igawanywe kwa ukuta wa jipsamu, hapo litundikwe kabati la vyombo. Fundi Ramadhani kaja asubuhi. Kasimamisha fremu ya mbao, kabandika jipsamu upande mmoja, upande wa pili kauacha wazi. Kakata mbao tatu fupi, kaziweka mlangoni. Kaenda dukani kufuata skurubu.

Sasa kwetu Kasulu, fundi akifanya kazi nyumbani kwako, vipande vinavyobaki ni vya mpishi. (Sikuutunga mimi huo utaratibu.) Wakwe wako njiani kutoka Kibondo, maharage yamegoma kuiva. Nikaviokota. Nikachochea.

Moto wake! Maharage yenyewe yalikubali.

Fundi karudi. "Mama, mbao zangu tatu ziko wapi?"

"Mbao gani?"

"Za kulala ndani ya ukuta, kati ya nguzo na nguzo. Ndizo zinazobeba kabati. Jipsamu peke yake ni kama mkate, skurubu haishiki. Litamwangukia mtu!"

Mimi nilichoma kuni, sikuchoma mbao. (Ndivyo nilivyojua.) Nikamwambia, "Umeziuza huko dukani, sasa unakuja kunihoji mimi!"

Wakwe hao, wanaingia na mwanangu. Hata salamu hazijaisha, mdomo huu ukatangulia: "Karibuni, wakwe. Mtazameni huyu, mwizi wa mbao!"

Fundi hakupiga kelele. "Mama, mji huu napewa kazi kwa jina langu tu. Leo umelimaliza." Akaanza kukusanya vyombo vyake.

Mkwe mwenzangu, mama yake mke wa mwanangu, baridi ya njiani ilikuwa imemshika. Akaenda jikoni kuota moto. Mara tukamsikia: "Eh, mkwe! Kuni za Kasulu zina maandishi?"

Katoka na kipande mkononi, nusu mbao nusu mkaa. Kimeandikwa kwa penseli: KABATI. USIGUSE.

(Miwani nilikuwa sijavaa. Basi!)

Maharage tu ndiyo yanatokota.

"Mwizi kapatikana," mkwe akasema, "na chakula katupikia!" Wakacheka wote, mpaka mwanangu.

Nikamgeukia fundi, mbele yao wote. "Nisamehe, baba. Mwizi ni mimi." Akanitazama. Akaitazama ile mbao. Akacheka, akatoa tena nyundo yake. Hapo ndipo nilipopumua. Ningeua jina la mtu kwa chungu kimoja cha maharage! Na angekuwa fundi mwenye hasira angetundika kabati hivyo hivyo, likatuangukia tukiwa tunakula.

Mbao nyingine hazikuwepo. Nikang'oa chaga tatu za kitanda changu. Akazipima, akazikata, akazilaza ndani, akafunga ukuta. Kabati likapanda. Fundi akalishika akaning'inia, miguu ikiwa hewani. Halikutikisika!

Leo kabati linalala pazuri kuliko mimi, niko chini na mkeka wangu. Atakayecheka, maharage yangu asiyaguse.