Gunia Langu Lilivyomwagwa Ghalani

Leo nimeanikwa, jamani. Mchana kweupe, mbele ya Kitangari nzima.

Nianzie mbali kidogo, mjue aliyeanikwa ni nani. Miaka tisa iliyopita nilitoka Singida na boksi la spana na nguo za kubadilisha. Siku tatu njiani. Basi la mwisho likafia Nanganga (abiria wakanunua mihogo, mimi nikaingia uvunguni kumsaidia dereva). Nikafika Masasi usiku, asubuhi gari la mizigo likanipandisha mlimani hadi Newala, kisha Kitangari. Nilikuja kwa msimu mmoja tu wa korosho. Lakini baiskeli za kubebea madumu ya maji zilikuwa nyingi, na mafundi hawakuwapo. Nikakaa misimu tisa.

Chumba alinipa Mama Somoe, mjane, umri wa mama yangu mzazi. Kisima chake cha maji ya mvua kikikaribia kukauka, ndoo yangu ilitangulia ya kwake. Sijui nilimfanyia nini kustahili hilo.

Sasa, nina ugonjwa mmoja: kuaga siwezi. Nimeishi miji mingi na sikuwahi kuaga hata mmoja. (Tabora niliacha wali jikoni, bado unafuka moshi.) Miguu ikianza kuwasha, naondoka. Mwezi huu ikaanza. Fundi mwenzangu aliyeko Songea akanipigia simu kwamba kuna kibanda cha ufundi huko. Nikamwambia Mama Somoe, "Nakwenda Masasi siku mbili, kununua vipuri."

"Haya mwanangu," akasema. "Mungu akutangulie."

Nikafungasha kwa siku tatu, kidogo kidogo, mlango nimeufunga. Maboksi sikuwa nayo. Kwetu huku wakati huu kitu kisichokosekana ni gunia. Nikajaza mawili, nikayashona midomo kwa kamba ya katani, mshono safi kama wa mkulima. Dereva wa fuso alikubali kunipitia saa mbili. Alfajiri nikayatoa barazani, kando ya magunia ya korosho ya Mama Somoe yaliyongoja kupelekwa ghala la ushirika, nikaenda kuoga. Nilioga taratibu, nikijua ni mara ya mwisho kuoga maji ya kisima kile. (Hapo ndipo nilipoharibu.)

Natoka, baraza nyeupe!

Jirani yetu, Baba Rehema, alikuwa anapiga mswaki ng'ambo ya njia. "Trekta la ghalani limeshapita," akaniambia. "Limebeba magunia ya Mama Somoe yote matano, na mwenyewe amepanda."

"Matano? Mama ana matatu!"

"Basi Mungu amembariki."

Nikarukia baiskeli.

Ghalani foleni imefika barabarani. Niwaeleze: kila msimu hakosekani mjanja wa kutia mawe au mchanga ili gunia liwe zito. Kwa hiyo gunia likitiliwa shaka, linamwagwa kwenye turubai mbele ya watu wote. Na aliyekutwa na uchafu, jina lake linatafunwa midomoni mwa watu mpaka msimu ujao.

Nikafika, mpagazi amelinyanyua gunia langu kwa mkono mmoja.

"Mama," mkaguzi akauliza, "gunia la korosho linanyanyuliwa hivi?"

Mama Somoe alikuwa amesimama wima, kanga begani. "Korosho zangu nimezichambua kwa mikono yangu."

"Basi tutaona."

Mimi nipo nyuma ya kina mama, nimeinama kama mtu anayekagua mnyororo wa baiskeli. Nikinyamaza, yeye ataitwa mwongo. Nikisema, nimeaga. Nikanyamaza. (Ndiyo. Nihukumuni.)

Kisu kikapita kwenye mshono wangu. Likamwagwa.

Chandarua. Sufuria. Pampu. Kengele tatu za baiskeli, zikalia zote. Juu yake, ikajitandaza vizuri kabisa, suruali yangu ya kulalia yenye kiraka cha tyubu sehemu ya kukalia. Nilikibandika mwenyewe, kwa gundi.

"Korosho hii daraja la ngapi?" mtu akapaza sauti. Foleni ikaangua kicheko.

Mkaguzi hakucheka. "Mama, hivi ni nini?"

Mama Somoe aliitazama ile suruali. Ameiona kwenye kamba yake ya nguo miaka tisa. Akaitazama tena.

"Vitu vyangu," akasema. "Nimechanganya magunia."

"Na suruali ya kiume, mama?"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Kidevu chake kikatikisika, na hapo sikuweza tena.

"Ni yangu!" nikapiga kelele. "Vyote vyangu. Mama hana kosa."

Nikasogea mpaka mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nahama."

"Najua. Mtu wa kwenda Masasi siku mbili hang'oi misumari ya chandarua. Kuta za udongo zinasikia, na mimi nipo upande wa pili."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja uniambie."

Akachuchumaa, akaikunja suruali yangu kwa adabu kama ya harusi, akarudisha kimoja kimoja, akaazima sindano, akalishona gunia mwenyewe. Magunia yake matatu yakapimwa, daraja la kwanza yote. Halafu foleni ile, ile iliyocheka, ikaanza kunipa mkono. Mmoja mmoja. "Kwaheri fundi." "Breki zangu nani atazitazama?" "Usitusahau." Nililia mbele ya mizani, sifichi.

Mama Somoe akanisindikiza na magunia yangu mawili hadi kwenye fuso, lililokuwa limenifuata hapo ghalani. Gari lilipoondoka aliinua mkono mara moja, akageuka kwenda kumalizia hesabu za korosho zake.

Naandika nikiwa Masasi, nangoja gari la Songea. Tafadhali msicheke. Na kama una mpango wa kuhama, aga mwenyewe kwa mdomo wako. Mimi nimeagiwa na suruali.