Koki Isiyo na Skrubu

Alhamisi, 10 Julai 2025
Fursa imejitokeza, nayo inadondoka! Koki ya kunawia sebuleni kwa Bi Mwanabaraka, mama yake Nusaiba ninayemposa, inavuja. Tone moja kila sekunde mbili, nimepima. Jumapili mjomba wao, Mzee Shomari, anakuja hapa Chamazi kumsikiliza mshenga wangu. Akiikuta koki kavu kwa mkono wangu, nani atauliza tena habari ya ajira? Nimeahidi kuitengeneza. Bi Mwanabaraka akashauri aitwe Wilfred, fundi bomba wa nyumba ya pili. Nikamjibu kwa heshima kwamba Wilfred ana spana, mimi nina shahada. Akauliza ya nini. Ya falsafa. Akaguna.

Ijumaa, 11 Julai
Koki hii si ya kawaida. Shangazi yao aliileta kutoka Muscat: haina kichwa cha kuzungusha, bali mkono mmoja wa kunyanyua. Nimeichunguza kwa tochi saa mbili nzima. Hitimisho lisilopingika: haina skrubu. Wilfred akachungulia dirishani. "Braza, hicho kidoti chekundu unakibandua kwa sindano, skrubu imo humo. Mie hizi nishazifungua kibao." Nikamfafanulia kwamba kidoti ni pambo. Tukabishana hadi adhana ya magharibi. Nilishinda, yeye ndiye aliyeondoka kwanza.

Jumamosi, 12 Julai
Nimebandua kidoti, kwa utafiti wangu huru. Skrubu imo. (Wilfred alibahatisha.) Nikafunga maji kwenye mita, kama akili inavyoelekeza, kisha nikafungua koki. Maji yakaruka hadi darini! Mita imefungwa, yanatoka wapi? Nusaiba akapiga kelele kutoka uani: "Tangi, Talha! Hiyo inakula maji ya tangi la juu!" Lita elfu moja. Zulia la wageni likaelea. Wilfred akapanda juu, akafunga valvu, akabadilisha mpira uliolika. Dakika tano, tena akipiga mluzi. Mimi nimefua zulia mpaka magoti yamechubuka. Aibu? Hata kidogo. Ugunduzi hudai gharama.

Jumapili, 13 Julai
Mzee Shomari ametawadha. Hakuna tone! Akauliza nani kaitengeneza. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, Nusaiba akanitangulia: Wilfred katengeneza, Talha kafua zulia. Mzee akacheka hadi kofia ikamdondoka. Akasema mafundi wapo tele, ila hajapata kumwona kijana anayefua zulia la ukweni kabla ya kuoa. Mshenga arudi Jumapili ijayo, tuzungumzie mahari!

Yaani mbinu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Bi Mwanabaraka ana ombi moja tu: nisiguse kitu chochote humu ndani. Unyenyekevu wa kiungwana, hataki kunisumbua. Lakini feni ya sebuleni inakwaruza, nami nina muda. Nimekwisha kuzima swichi mojawapo. Naamini ndiyo yenyewe.