Ng'ombe wa Kulinganishia

Saa moja asubuhi, vikombe vya kwanza vya kahawa ya Klementina havijapoa, Gregory wa ofisi ya ardhi, ambaye kijiwe kizima pale karibu na stendi ya Bariadi kinamwita Fomu, alikuwa ameshafungua simu na kuanza kusoma kama anayetangaza matokeo ya mtihani.

"Sikieni hii! Kuna jamaa huko Ulaya, viungo vimemtesa miaka kumi. Akaanza kujijaribia mwenyewe unga wa amino asidi, kijiko asubuhi, kijiko jioni, anaandika kila kitu kwenye daftari. Sasa hivi anapanda milima!"

"Amino ndiyo nani?" akauliza Bujiku, mchuuzi wa ng'ombe, jina la kijiweni Mnada.

"Protini, kaka. Ukila nyama, tumboni inavunjwavunjwa, vile vipande ndiyo amino."

"Kumbe shida ya huyo jamaa ni kukosa ng'ombe!"

Luhaga, wanayemwita Mizani kwa kuwa alipima pamba ya watu miaka thelathini, alikuwa amejikaza siku nyingi asiseme. Leo siri ikamshinda. Akachomoa daftari mfukoni.

"Huyo Mzungu kanikuta njiani. Leo mimi niko siku ya kumi na mbili."

"Wee Mizani!" Klementina akaacha kumimina. "Ule unga wa kopo lenye picha ya njemba kavimba kifua?"

"Huo huo. Na vidonge vya kliniki nameza kama kawaida, msianze. Sikilizeni. Siku ya tatu, hakuna kitu. Siku ya tano, goti la kushoto limeacha kulia. Siku ya tisa, nimefunga kamba za viatu mwenyewe."

"Mbona huwa unavaa yeboyebo?"

"Nilivaa viatu ili nifunge kamba!"

Walicheka, lakini wote walijua kinachomkimbiza mzee wa watu. Jumamosi alikuwa anakwenda Malampaka kukagua ng'ombe wa mahari ya binti yake Yusta. Baba huingia zizini kwa miguu yake, akashika nundu, akafungua midomo, akakataa wa kukataliwa. Asiyeweza hukalishwa kwenye kiti akaletewa soda, na kazi anapewa mdogo wake. Na mdogo wake Luhaga ni Nyanda, yule aliyepokea ng'ombe chongo kwenye mahari ya dada yao, halafu akamsifu kwa utulivu. Jambo hilo lilimuuma Luhaga kuliko magoti.

"Mzee, hilo daftari halithibitishi kitu," Bujiku akasema. "Mimi nikinenepesha madume kwa chakula kipya, mmoja namwacha na nyasi zake. Mwisho nawasimamisha pamoja, nalinganisha. Wako wa kulinganishia yuko wapi?"

"Si Fomu ana mgongo?"

"Mgongo wangu umetokana na kiti cha serikali, hautibiki!"

"Mnataka ushahidi?" Luhaga akaweka kikombe chini, akakunja mikono kifuani, akainuka kwenye benchi bila kushika kitu. Kijiwe kikapiga makofi. Luhaga akaketi tena, anajisikia kijana.

"Mwangaluka!"

Alikuwa Esteria, mkewe, akiwaamkia kwa Kisukuma, ndoo ya dagaa kichwani, anatembea haraka haraka.

"Mwangaluka, mayu," Klementina akaitikia, macho yamemtoka. "Mkongojo wako uko wapi?"

"Umelala na kuku."

Luhaga akamtazama mkewe miguuni. Ilikuwa miaka hajatazama huko. "Mama Yusta, umefanya nini?"

"Si hilo kopo lako! Siku ya kwanza nilionja, nisije nikawa mjane bila kujua kilichokuua. Kulipokucha niko mzima, nikaendelea. Baba Yusta, magoti yangu yananiuma tangu nimzae Yusta. Kuna mtu kayaandika kwenye daftari?"

Luhaga aliona aibu, lakini akajitetea. "Mbona kopo halipungui upesi?"

"Litapunguaje? Ule unga niliuhamishia kwenye chupa yangu. Kwenye kopo nikajaza udaga. Tangu siku ya pili unakunywa muhogo mtupu."

Bujiku akamnyooshea Luhaga kidole, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ng'ombe wa kulinganishia huyu hapa!"

"Kitaalamu, watu wawili hawatoshi kuwa..."

"Nyamaza, Fomu!"

Luhaga alitaka kusimama akemee. Magoti yakagoma. Akabaki nusu njia, mgongo umepinda, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Esteria akatua ndoo, akamvuta mkono mpaka akanyooka.

"Jumamosi nitaingia zizini mimi."

"Mwanamke akague mahari? Malampaka watasema nini?"

"Watasema aliyekamua miaka thelathini anawajua ng'ombe kuliko aliyepima pamba. Au tumpeleke Nyanda?"

Yule ng'ombe chongo alimjia Luhaga akilini waziwazi.

"Uwaangalie na macho," akasema taratibu. "Yote mawili."

Esteria akajitwika ndoo, akaondoka kwa mwendo wake mpya. Luhaga akaketi, akaomba kalamu, akaandika muda mrefu huku amekunja uso. Fomu akachungulia begani kwake, akawasomea wote:

"Siku ya kumi na mbili. Udaga ulifanya kazi vizuri sana mpaka nilipoambiwa ni udaga."