Sekunde Nne za Kuvuka

Idara ya Ustawi wa Waenda kwa Miguu ilitangaza, kwa mabango na vipaza sauti, kwamba jiji limeingia rasmi katika zama za kutembea. Barabara kuu ilikuwa imepanuliwa maradufu kwa heshima ya waenda kwa miguu, ili wawe na kitu kikubwa zaidi cha kuvuka. Kandokando yalipandwa maua, na maua yakazungushiwa uzio ili watembeaji wasiyasumbue.

Katikati ya hayo yote ilisimama taa mpya ya kuvukia. Aliyeifurahia kuliko wote alikuwa mjane mmoja mshonaji, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Mumewe aligongwa na lori pale pale, akimpelekea mteja suruali. Mwili uliondolewa haraka, na magari yakaendelea haraka zaidi. Mkewe hakupata hata nafasi ya kusimama pale alipoangukia. Haja yake ilikuwa ndogo: afike katikati, asimame, amwombee, kisha avuke salama.

Taa ilipowaka kijani kwa mara ya kwanza, alipiga hatua chache tu, ikawa nyekundu. Akarudi mbio, ndara moja akawaachia wenye magari.

Akaenda idarani. Mkurugenzi alimpokea vizuri, akamkalisha kwenye kiti cha kuzunguka, akamweleza kuwa muda ule umepimwa kitaalamu. Wataalamu walivuka toka upande huu hadi ule, tena na tena, na sekunde nne zikatosha na kubaki.

"Walivuka kwa miguu, mwanangu?"

"Mama, na jua lile? Walivuka kwa gari la idara."

Tatizo basi halikuwa taa. Tatizo lilikuwa mwananchi, aliyeachwa miaka mingi atembee bila mafunzo. Kamati ya Kuongeza Kasi ya Mwananchi ilikwisha kuundwa, ila mwenyekiti wake alikuwa ng'ambo akitibiwa goti. Mama Cherehani akapewa kipeperushi chenye picha ya swala anayetimua mbio, akaagwa.

Siku ya uzinduzi akaja Waziri, mtu ambaye tumbo lake hufika mkutanoni kabla yake. Alisoma sheria mpya kwa sauti nzito: atakayevuka taa ikiwa nyekundu atalala ndani, awe nani awe nani. Makofi yakapigwa. Kisha akakata utepe, akaanza kuvuka mbele ya kamera.

Alipofika katikati, alisimama kuwapungia watu mkono, kama ilivyo desturi ya viongozi. Taa ikawa nyekundu.

Gari la kwanza kuja kasi lilikuwa lake mwenyewe. Dereva alikuwa na amri ya kudumu ya kutosimama kwa ajili ya mtu yeyote, naye ni mtiifu. Likapita likipeperusha koti la Mheshimiwa. Askari wa trafiki akajitupa barabarani akiwa na filimbi mdomoni, magari yote yakafunga breki. Njia ikawa nyeupe, lakini magoti ya Mheshimiwa yalikwisha kujiuzulu. Maofisa wake wakabaki kando wamekakamaa, wakitii sheria. Mkurugenzi akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba shughuli inakwenda kama ilivyopangwa.

Mama Cherehani akashuka barabarani.

"Mama, huoni nyekundu?" askari akamuuliza.

"Naiona, baba. Na magari nayaona yamesimama."

Akatembea kwa mwendo wake hadi katikati, karibu kabisa na Waziri, akasimama. Akainamisha kichwa. Midomo yake ikawa inacheza bila sauti.

Waziri alimwinamia, akanong'ona, "Mama yangu, nishike mkono unitoe hapa."

"Subiri kidogo, mwanangu. Naongea na mume wangu."

Mheshimiwa akatazama kulia, akatazama kushoto, asimwone mtu. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akasubiri zamu yake ya kuvushwa.