Hedifoni Zinazowaka Taa

Tumtendee haki Optatus: hakutoka Mikumi kwenda Kilosa ili amwibie mtu. Alikwenda kutafuta hedifoni, na kama zingepatikana kwa njia ya halali asingekataa, ila njia hiyo haikumjia akilini.

Shida yake ilikuwa Kulet. Kulet aliuza ng'ombe wa urithi, akafungua chumba cha gemu pale Mikumi kando ya barabara kuu, na sasa alitaka hedifoni za saraundi, zile ambazo adui akikunyatia nyuma kwenye gemu unamsikia nyuma, akija kushoto unamsikia kushoto. Tena ziwe zinawaka taa, wateja wazione kutoka barabarani. Optatus, fundi wa kompyuta kwa kujitangaza, akamwambia asihofu, ziko njiani. Kulet akasema sawa, basi laptop yako ibaki hapa mpaka uzilete. Na fundi asiye na laptop ni mtu tu aliyevaa shati safi.

Alikuwa akikatiza karibu na stesheni ya Kilosa aliposikia Kikorea kikipiga kelele ndani ya kibanda umiza, banda la kuonyeshea filamu kwa kiingilio. Akachungulia. Mzee Valentino, ambaye huwatafsiria watu filamu kwa maiki huku picha inakwenda, alikuwa anajaribu mitambo kabla watazamaji hawajaja. Kichwani amevaa hedifoni kubwa, zinawaka nyekundu, bluu, zambarau. Na sauti ya filamu? Yote inatoka kwenye maspika ya ukutani.

Optatus akaelewa papo hapo. Kompyuta inapeleka sauti kwenye maspika badala ya hedifoni. Dawa yake ni kubofya alama ya spika pale chini kwenye kioo na kuchagua hedifoni. Kazi imekwisha. Ndiyo maana hakusema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kiingilio bado."

"Mimi fundi, mzee. Nimesikia ile sauti nje nikasema hapana, siwezi kupita nikamwacha mzee wangu anateseka. Hizo hedifoni zinatoa sauti?"

Valentino akazivua, akazitazama kama anavyotazamwa mkwe asiyefanya kazi. "Hazitoi."

"Tangu lini?"

"Muda, mwanangu."

Optatus akapiga goti mbele ya kompyuta kwa heshima ambayo wengine huiwekea altare. Akachomoa waya wa USB, akaunusa. Akauchomeka tundu jingine. Akazima mashine, akaiwasha. Alifanya kila ambacho fundi wa kweli angefanya isipokuwa kitu kimoja, maana akiibofya ile alama hedifoni zitaimba, na mzee atasema ahsante, nenda zako.

"Pole, mzee. Humu ndani ya hedifoni mna spika saba. Tano zimeungua. Sasa saraundi haina pa kutokea, inazunguka humohumo kwenye mashine. Ikizifikia filamu zako, inazila."

"Zote?"

"Inaanza na mpya."

Valentino akashika kichwa. "Na leo nina sizoni mpya! Watu wanakuja mpaka kutoka Kilangali!"

"Ndiyo maana Mungu kanipitisha hapa." Optatus akatoa begini hedifoni zake mwenyewe. Za USB, saraundi ileile, nzima kabisa, ila nyeusi kama chini ya sufuria, hazina taa hata moja, na upande mmoja umefungwa selotepu. "Nakuachia hizi. Zako naondoka nazo, nikazizike mbali na umeme."

"Lakini hizi ni ukumbusho wa marehemu kaka yangu Kornelio." Jicho la mzee likatua kwenye kispika kilichochungulia begini. "Na hicho kispika chako, kinatumia betri?"

Optatus hakupenda kukitoa. Lakini anayebishania kispika mbele ya jina la marehemu anaonekana hana utu, na utu ndio mtaji wake. Akakitoa, wakabadilishana hedifoni na namba za simu. Ndani ya gari la abiria, Noah ya kurudi Mikumi, alicheka peke yake mpaka mama mmoja akahamisha kapu lake.

Asubuhi yake Kulet alichomeka. Taa zikawaka, vijana wote chumbani wakapiga yowe. Kulet akavaa, akaingia vitani. Akauawa kwa nyuma. Akarudi. Akauawa tena kwa nyuma.

"Fundi, sisikii kitu."

"Mpangilio tu huo, kaka." Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, Optatus akaibofya ile alama kwa nia njema. Kimya. Akabadili tundu. Akafuta draiva, akapakua nyingine. Akazima, akawasha. Akahamia kompyuta ya pili. Akazivaa mwenyewe, akafumba macho kama anayesali, na huenda alikuwa anasali. Mle ndani mlikuwa na ukimya wa mbele, wa nyuma na wa pande zote.

"Labda spika zimeungua," Kulet akasema.

"Wapi! Huo ni uongo wa mafundi matapeli."

"Basi mpigie aliyekupa. Weka sauti ya juu, tusikie wote."

Valentino alipokea haraka. "Fundi wangu!"

"Mzee, hizi hedifoni zako hazitoi sauti!"

"Si nilikwambia? Wewe ukasema tano zimeungua. Nikajua kijana kazi anaijua, kakosea hesabu tu. Mafuriko yaliingia bandani, zikalala majini. Taa ndizo zilizopona."

"Sasa ulikuwa unatafsirije bila kusikia?"

"Kwani mimi Kikorea nakijua? Mtu akilia, nasema kafiwa. Akikimbia, nasema anadaiwa. Hedifoni ni za watazamaji, waone nasikiliza."

Chumba kikaangua kicheko.

"Na marehemu Kornelio?"

"Yupo, anafagia. Anakusalimu. Ila fundi, nina malalamiko. Hizi zako zinasema! Jana Mkorea kanipigia kelele sikioni, nikasahau nani kamuua nani. Tena hazina taa. Watu wanasema tafsiri imeshuka kiwango."

Kulet akaichukua simu. "Shikamoo mzee. Hizo nyeusi, mtu wa nyuma unamsikia nyuma?"

"Marahaba. Nyuma kabisa. Niligeuka kumtafuta."

"Nikurudishie zako za taa, unipe hizo?"

"Hata sasa hivi!"

Optatus akapumua. "Basi kaka, hedifoni umepata. Nipe laptop yangu."

"Laptop ilikuwa inangoja hedifoni utakazoleta wewe. Hizi nimejitafutia mwenyewe kwa mzee."

"Lakini ni zangu zile!"

"Zako?" Kulet akamgeukia, na chumba kizima kikageuka naye. "Kwani ulimpa mzee wa watu, au ulimtapeli?"

Optatus akafungua kinywa. Akatafuta neno mbele, nyuma, kushoto na kulia.

"Nilimpa," akasema.

"Mungu akubariki. Sasa Kilosa njia unaijua. Mpelekee za taa, uniletee nyeusi. Na simu uiache hapa mpaka urudi."

Optatus akaiweka mezani. Ilikuwa bado hewani, na Valentino alikuwa anauliza kama fundi anakuja na Noah ya kwanza.